Kitaalamu, Jua Halizami

Mdogo wangu wa kiume nusura akose mke kwa ajili ya mwezi. Nikianza hivyo watu hunitazama kama mtu aliyekunywa, lakini mimi nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, na mpaka leo nikikikumbuka kile kikao cha Anoka naweza kucheka peke yangu kwenye foleni ya dukani hadi watu wakasogea mbali nami.

Miaka ile sisi wote wenye simu tulikuwa tukimcheka mwanasayansi mmoja maarufu wa Marekani, mtaalamu wa mambo ya anga, ambaye alikuwa habanduki kwenye televisheni. Msomi kweli kweli, simnyimi haki yake. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kuona watu wanafurahi akanyamaza. Watu wakilia kwa sinema ya mapenzi, yeye anaandika mtandaoni kwamba zile nyota nyuma ya wapenzi zimepangwa vibaya. Watu wakishangilia sikukuu, yeye anawakumbusha kwamba huko angani hakuna kilichotokea. Basi Wamarekani wakamgeuza kichekesho. Wakawa wanatunga maneno ya uongo kwa mtindo wake, kila mtu na lake, ya kuwaharibia watu starehe zao kwa elimu. Wimbi hilo likatukuta na sisi Watanzania wa Minneapolis, tukalidaka kwa mikono miwili.

Aliyemleta mwanasayansi huyo kwenye Kiswahili ni mdogo wangu. Tulikuwa tukiishi pamoja Bloomington, kwenye apatimenti ambayo ukifungua dirisha unasikia ndege utadhani zinatua jikoni. Mimi nilikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia kwenye hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Yeye alikuja kusoma, akamaliza, akapata kazi ya kupokea simu za wateja wa bima. Siku nzima anasikiliza sauti za watu, jioni anarudi nazo nyumbani. Kipaji hicho alizaliwa nacho. Tulipokuwa wadogo Dodoma alikuwa akimwiga bibi anavyoita kuku, na kuku wanakuja mbio, na bibi anatoka na fimbo.

Alikuwa akijifungia bafuni, kwa sababu eti vigae vya bafuni vinaipa sauti uzito, anarekodi klipu fupi, anairusha kwenye grupu letu la Watanzania wa huku. Kila klipu ilianza na neno lile lile.

"Kitaalamu, jua halizami. Hakuna maji lilimozama. Ni ninyi mmegeuka mkalipa mgongo, na sasa mnalisingizia."

"Kitaalamu, ndugu zangu, baridi haipo. Kilichopo ni joto lililowakimbia. Jiulizeni mmelifanya nini."

"Kitaalamu, kumpongeza mtu kwa siku ya kuzaliwa ni kosa. Amezungushwa kwenye jua mara moja zaidi, na hakuchangia hata mafuta."

"Kitaalamu, kijana unayemwahidi mpenzi wako kwamba utamletea nyota, unataka kuunguza Minnesota nzima kwa ajili ya mtu mmoja."

We acha tu. Watu walipagawa. Kanisani mtu akisema Bwana asifiwe, anayefuata anasafisha koo kwanza. Kule kwetu kufulia kulikuwa na mama mmoja wa Kikongo, mcha Mungu, mtu wa kunyamaza. Siku moja akainua shuka lenye doa akaniambia, uso mkavu kabisa, "Kitaalamu, hii drap haiko chafu. Ni mgeni ndiye ametuachia souvenir." Nilikaa chini kwenye kapu la taulo nikacheka mpaka mashine zikamaliza kuzunguka.

Lakini kilichowaua watu hasa ni ile sauti. Mwanasayansi wa televisheni anasema Kiingereza, kwa hiyo ukitaka asikike kwa Kiswahili lazima umtafutie koo la Mtanzania. Mdogo wangu alikuwa amelipata: sauti ya puani, ya polepole, inayoanza kwa kusafisha koo na kuishia kwa "sivyo?" kama mwalimu anayejua kwamba darasa zima halijaelewa. Na kila mtu aliyekuwa kwenye harusi fulani ya Saint Paul alijua koo hilo limetoka wapi.

Harusi yenyewe ilikuwa kiangazi kilichotangulia. Mshereheshaji, kijana wa suti ya kumetameta, akatangaza kwamba bibi harusi wetu leo anatoa mwanga kuliko mwezi. Vigelegele. Ndipo mzee mmoja wa meza ya mbele akanyoosha mkono kama yuko darasani. Mshereheshaji, maskini wa Mungu, akadhani mzee anataka kutoa zawadi, akampa kipaza sauti. Mzee akasafisha koo. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba kitaalamu mwezi hautoi mwanga. Mwezi ni jiwe. Unarudisha tu mwanga wa jua, tena kidogo, kwa kuwa uso wake ni mweusi karibu sawa na lami ya barabarani, sivyo? Kwa hiyo kumfananisha binti na mwezi ni kusema kwamba ni jiwe jeusi lililosogezwa karibu na taa. Akarudisha kipaza sauti, akaketi, akaendelea na pilau yake.

Bibi harusi akamtazama bwana harusi, bwana harusi akatazama sahani. Mimi niliuma kitambaa cha mezani. Mdogo wangu alitoka mbio akachekee nje, na kufika kwenye maegesho akakuta mtu amemtangulia: msichana wa gauni la kijani, ameegemea gari, anacheka, machozi na wanja vyote vinashuka pamoja. Wakacheka wote wawili kabla hawajasalimiana. Walipopata pumzi yule msichana akamwambia kwa Kiingereza kwamba yule mzee ni baba yake.

Mwanamume mwingine angeomba radhi akaenda zake. Mdogo wangu alibaki pale mpaka watu wakaanza kutoka na masufuria.

Msichana huyo aliletwa Marekani akiwa mdogo sana. Kiswahili anakielewa chote, hata cha mafumbo, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Kinaingia kimoja, kinatoka kingine. Mama yake alikuwa amefariki miaka michache kabla ya hapo, kwa hiyo waliishi wawili tu, yeye na baba, kwenye nyumba ya Anoka karibu na mto. Baba alikuwa injinia wa mitambo ya kupasha nyumba joto, kazi yake iko Golden Valley, na jumuiya nzima ilimwita hivyo hivyo, Injinia. Mtu safi, mlipa kodi, haonekani kwenye fitina yoyote. Watu walimheshimu na kumkimbia. Ukimwambia "za siku nyingi," anaweza kukuuliza ni ngapi.

Sasa mwelewe ukubwa wa jambo. Zile klipu zote, kabla hazijafika kwenye grupu, zilikuwa zinatumwa kwanza kwa yule binti. Mdogo wangu alikuwa akimtongoza mtoto wa watu kwa koo la baba yake mwenyewe. Na ilifanya kazi. Kufikia msimu wa majani kupukutika wakawa hawaachani, na kufikia Krismasi mdogo wangu akampigia mama yetu Dodoma kumwambia kwamba amepata mtu. Mama akasema sawa, basi dada yako asimame badala yangu, mtafute mshenga, mwende mkajitambulishe kwa baba wa binti kama watu waliolelewa.

Tukapanga siku. Injinia akakubali kutupokea Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza. Mimi nilishaanza kufikiria nguo. Halafu jioni moja nikiwa napiga pasi, mdogo wangu akaingia amevaa buti zenye theluji mpaka kwenye zulia.

"Dada, tumekwisha."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Injinia anazo klipu. Zote."

Binti ndiye aliyegundua. Baba yake alikuwa akitoka kazini anaingiza gari garajini, anazima injini, lakini hashuki. Anakaa mle ndani ya gari, kwenye baridi ile, anasikiliza klipu moja baada ya nyingine. Binti alisimama nyuma ya mlango akasikiliza. Baba hachekei hata moja. Akimaliza anaingia ndani, ananawa mikono, anauliza chakula kiko wapi. Na hilo halikuwa la siku moja, alikuwa akifanya hivyo karibu kila jioni.

Pasi ilinishinda, nikaizima. Mtu anayesikiliza vichekesho bila kucheka anakusanya ushahidi, hilo halihitaji shule.

Mdogo wangu akakaa kwenye kochi amekumbatia mto. Mtu ambaye hata msibani anapata la kuchekesha, siku hiyo alikuwa kama nguo iliyosahaulika kwenye mashine. "Atanikataa, dada," akasema. "Na yeye hawezi kumwacha baba yake, wala mimi siwezi kumwomba amwache. Nampenda sana." Aliyasema kwa sauti yake mwenyewe, na mimi nikatambua kwamba nilikuwa sijaisikia sauti hiyo kwa muda mrefu. Iliniuma. Nilitamani nimbebe mgongoni kama zamani.

Mshenga wetu alikuwa Mgogo mwenzetu, dereva wa basi dogo la hoteli, kazi yake kuwachukua wageni uwanja wa ndege. Mdomo wake haujawahi kuegeshwa. Nilipomweleza kesho yake alicheka hadi akasimamisha basi.

"Huyo mzee si katoka Mwanza?"

"Ndiko anakotoka."

"Basi ni Msukuma. Na Msukuma kwetu sisi Wagogo ni nani?"

Nikapigwa na butwaa kwa furaha. Msukuma ni mtani wetu. Kwa asiyejua, utani wa makabila si mzaha wa kawaida, ni haki. Mtani wako anaweza kukuita mchawi, mwizi, mlafi, mbele ya wakwe zako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika mnachekwa wote wawili, wewe na ukoo wako. Hata msibani watani huja kumsema marehemu, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Kwa hiyo hakuna kesi, mshenga akasema. Kijana hakumkejeli mkwe, kijana alikuwa anamtania mtani wake kisheria. Kinachotakiwa ni sisi tuingie pale na utani mkali, tumkumbushe mzee mila, naye atalazimika kucheka. Akaniteua mimi, kwa sababu mwanamke akitania inauma vizuri zaidi.

Nilifanya mazoezi wiki nzima. Nilikuwa nawatania Wasukuma mbele ya mashine za kufulia huku yule mama wa Kikongo akinitazama kama mtu anayehitaji maombi.

Jumamosi ikafika na baridi ya kukausha pua. Tukapanda gari la mshenga kutoka Bloomington hadi Anoka, mto umeganda mweupe pembeni, mdogo wangu nyuma amevaa suti kama mtu anayepelekwa mahakamani. Injinia akatufungulia mwenyewe. Tukavua viatu mlangoni, na soksi ya mshenga ikaonyesha kidole gumba chote, nacho kikaingia sebuleni kabla yetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ingieni haraka, joto linatoka."

Mdogo wangu akakohoa. Nikamkanyaga.

Sebule ilikuwa safi, kila kitu mahali pake. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya mwanamke mnene, mzuri, anayecheka waziwazi mpaka mwanya unaonekana. Binti alikuwa jikoni, kama desturi inavyotaka. Tulisikia vikombe tu. Mshenga akatoa kisanduku cha zabibu akasema tumekuletea zabibu za kwetu Dodoma. Injinia akakigeuza, akasoma chini.

"Hizi ni za Chile."

"Ni za kwetu kwa moyo, mzee," akasema mshenga, na nikaona jasho la kwanza.

Akaendelea hivyo hivyo, mdomo hauwezi kusimama. Akasema sisi ni wapita njia, tumeona katika bustani ya mzee ua zuri, tumekuja kuomba ruhusa ya kulichuma. Maneno mazuri, ya siku zote, kila mzazi anayajua na anayapokea kwa tabasamu. Injinia akasafisha koo.

"Ua likichumwa linakufa," akasema Injinia. "Ukiliweka kwenye maji linajivuta siku chache, halafu linaoza. Sidhani kama hilo ndilo mnalokusudia, sivyo?"

"Hapana, mzee."

"Basi tafuteni namna nyingine ya kusema."

Mshenga, mtu anayeweza kuongea kutoka uwanja wa ndege mpaka hotelini bila kupumua, akafungua mdomo akaufunga. Kile kidole gumba kikanigusa mguu chini ya meza. Ndiyo ishara tuliyokubaliana.

Nikavuta pumzi, nikaingia. Nikasema, lakini mzee, sisi Wagogo tunashangaa, Msukuma kama wewe umefikaje Anoka bila ng'ombe wa kukuonyesha njia. Nikasema ile theluji aliyoiacha mlangoni bila kuizoa, bila shaka alidhani ni michembe ya viazi vitamu imeanikwa, anasubiri ikauke aile. Nikasema tumesikia Msukuma akipewa lifti anaomba kwanza aonyeshwe mahali pa kufunga kamba ya ndama. Nilikuwa nimepamba moto. Nikasema na huyu binti tumekuja kumwokoa, asije akaozwa kwa fahali. Mshenga anagonga goti kwa furaha. Nikamaliza, nikakaa vizuri, nikasubiri mzee alipize.

Injinia alikuwa ananitazama tu. Jikoni vikombe vilikuwa vimenyamaza.

"Kitaalamu," akasema, "mimi si Msukuma."

Mshenga akaacha kugonga goti.

"Mimi ni Mkerewe. Nimezaliwa kisiwani Ukerewe, nimesoma Mwanza. Kusoma Mwanza hakumbadilishi mtu kabila. Wakerewe na Wagogo hawana utani wowote ninaoufahamu."

Jamani. Nimewahi kupata aibu maishani, nimewahi kuanguka kwenye ngazi za kanisa nimebeba sadaka, lakini hiyo ilikuwa nyingine. Nilikuwa nimemtukana mzee wa watu, nyumbani kwake, bila leseni, siku niliyokuja kumwomba mwanawe. Nilitamani zulia linimeze. Mshenga alikuwa amegeuka anaichunguza taa ya dari kama fundi. Mdogo wangu alikuwa amefumba macho kabisa.

Injinia akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa simu, akaiweka mezani katikati ya zabibu na chai. Akabonyeza. Ikatoka ile sauti ya puani, polepole. Kitaalamu, ndugu zangu, baridi haipo. Kilichopo ni joto lililowakimbia. Jiulizeni mmelifanya nini. Ikaisha.

"Hii ni wewe," akamwambia mdogo wangu.

"Ni mimi, mzee."

"Nimeisikiliza sana. Ina kosa."

"Naomba radhi, mzee."

"Sijasema radhi, nimesema kosa. Joto halikimbii. Joto linahama, kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi, sivyo?"

Sasa mimi namjua mdogo wangu. Mtu aliyezaliwa na kipaji cha kuiga si yeye anayekimiliki, ni chenyewe kinachommiliki. Niliona shingo yake inavimba, nikajua linakuja, nikanyoosha mkono kumziba mdomo na sikuwahi.

"Lakini mzee," akasema, puani, polepole, koo lile lile mbele ya mwenyewe, "kitaalamu, baridi haipo, sivyo?"

Nilisema moyoni, basi, twende tukavae viatu. Injinia alikuwa amekaa wima, mikono magotini, hapepesi macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani mzee amepatwa na kitu, nikainuka. Alikuwa anacheka. Kicheko kisicho na sauti, cha mtu aliyekiweka ndani mpaka kimekauka, kinatoka kwa kukwaruza. Akavua miwani, akatoa leso akafuta macho, akaivaa, akaivua tena.

"Mke wangu alikuwa akinijibu hivyo hivyo," akasema. "Kwa sauti hiyo hiyo. Mezani, mbele ya wageni, kanisani. Miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa nikimkasirikia." Akaitazama ile picha ya ukutani. "Tangu aondoke hakuna mtu anayeniiga ndani ya nyumba hii. Watu wananiheshimu tu."

Akaigusa ile simu mezani.

"Nikitoka kazini nakaa kwenye gari naisikiliza hii. Mtu ananicheka. Naona kama nyumba ina watu ndani." Kisha akanigeukia mimi. "Hayo yako ya michembe ulipaswa kumwambia yeye. Yeye ndiye aliyekuwa Msukuma. Mtani wenu ni yule pale."

Nikamtazama yule mama mwenye mwanya, nikalia. Sioni aibu kusema. Nililia na nikawa nacheka, kwa sababu niliyatupa matusi yangu yote na kumbe yalikuwa yamefika penyewe, mwenye nayo alikuwa ukutani anacheka tangu tulipoingia.

"Na si haki atukanwe na asijibiwe kwa kuwa hayupo," akasema Injinia. Akasafisha koo. Akarekebisha kola. Ilionekana wazi kwamba hajawahi kufanya jambo hilo. "Alikuwa akisema kwamba Wagogo mnakula mlenda kwa sababu hamtaki kuyasumbua meno."

Tukaangua kicheko. Mshenga alijipiga paja hadi zabibu zikaruka.

"Kitaalamu," akaongeza Injinia, "hilo si kweli. Mlenda hauna uhusiano wowote na meno."

Hapo ndipo mbavu ziliponiisha kabisa. Mdogo wangu alikuwa amelala ubavu kwenye kochi na suti yake. Mshenga alikuwa anapiga ngumi mkono wa kiti anasema mzee tuache, mzee tunakufa. Injinia akatutazama mmoja mmoja, kwa mshangao wa mtu aliyegusa swichi asiyoijua na taa zikawaka.

Tulipotulia, mshenga akakumbuka kilichomleta. Akafuta uso, akakaza sauti, akasema kwa maneno makavu, bila ua wala bustani, kwamba kijana huyu anaomba kumwoa binti yako, tunaomba jibu.

Injinia akaanza. Akasema, kuhusu lile ua, neno sahihi lingekuwa mche. Mche huhamishwa na udongo wake, mizizi isishtuke. Akasema na mahali pa kuhamishia pana umuhimu. Akasema Bloomington na Anoka ni pande mbili tofauti za jiji, theluji ikianguka barabara ile ni ya taabu, mtu anaweza kusema atakuja Jumapili na asije, si kwa ubaya, kwa barabara tu. Akasema nyumba hii ina vyumba vinavyopashwa joto na hakuna anayelala ndani yake, jambo ambalo kihandisi ni hasara. Akasema mtu mmoja hupika chakula kingi mno au kidogo mno, kipimo chake ni kigumu. Aliendelea hivyo, polepole, puani, anazunguka na kuzunguka, na mimi nikaacha kucheka, maana nilielewa kwamba huyu mzee anaogopa, na hajui namna ya kulisema hilo bila kulipima. Mdogo wangu naye alikuwa ameelewa. Alikaa mbele kabisa ya kochi, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Tutakuja kila Jumapili, mzee. Na theluji nitakuja kuizoa mimi." Injinia akaitikia kwa kichwa, lakini hakuacha, akaingia kwenye habari ya unene wa kuta.

Ndipo mlango wa jikoni ulipofunguka. Yule binti alisimama pale na sinia ya vikombe, macho mekundu. Tangu nimfahamu sikuwa nimemsikia akitamka sentensi nzima ya Kiswahili. Akasafisha koo.

"Kitaalamu, baba," akasema, puani, polepole, sauti ambayo haikuwa ya mdogo wangu wala haikutoka kwenye simu yoyote, sauti ya mama yake aliyoisikia mezani tangu utotoni, "bado hujajibu swali, sivyo?"

Injinia alimtazama mwanawe. Akaitazama picha ya ukutani, akarudi kwa mwanawe.

"Jibu ni ndiyo," akasema, na hakuongeza neno.